Wana maneno mia sita kwenye simu ila sokoni wanabaki kimya, nyie mnawarudishiaje msamiati?

mwl_vikokotoni

Habari zenu wakuu, naomba tusaidiane hasa walimu wenzangu mnaofundisha Kiswahili kwa wageni. Mimi niko Unguja mjini, darasa langu lina watu tisa, kuna Wataliano, kuna Mjerumani, kuna Wakorea wawili, na dada mmoja katoka Oman ambaye bibi yake alizaliwa hukuhuku, wanakaa wiki kumi na mbili. Wote wana apu za kurudia msamiati kwenye simu, wengine walianza hata kabla hawajapanda ndege. Mmoja wa Wataliano ana siku mia mbili na kitu hajakosa hata moja kwenye Duolingo, kozi yao ya Kiswahili ipo tangu 2017 ila inapitia Kiingereza, kwa hiyo huyu binti anajifunza lugha yetu kwa kupitia lugha nyingine ambayo nayo si yake.

Sasa Jumanne nikawapeleka sokoni Darajani, kila mtu na hela yake mkononi anunue vitu vitatu na aulize bei mwenyewe. Yule wa siku mia mbili kasimama kwa muuza ndizi. Ndizi anaijua, bei anaijua, nataka anaijua. Akasema "nataka ndizi bivu" kwa sababu kwenye simu yake imeandikwa -bivu basi, hajawahi kuiona ikiwa mbivu. Hapo muuzaji kaelewa tu, hakuna neno. Kisha muuzaji kwa roho safi kabisa akamuuliza "chukua chana nzima, nikupunguzie?" na binti akaganda. Akanitazama mimi, mimi nikanyamaza maana ndio zoezi lenyewe, mwisho akalipa bei ileile akaondoka. Tuliporudi darasani macho mekundu, ananiambia mwalimu, kupunguza mimi naijua, nimeipata sahihi mara ishirini kwenye simu, kwa nini sikuisikia.

Lile swali limenikaa tangu Jumanne. Huyu mtoto si mvivu, anafanya kazi kuliko wote.

Kwa hiyo naomba kujua, mnatumia apu gani, na kadi, zile za swali upande mmoja na jibu upande wa pili, anatengeneza nani, mwalimu au mwanafunzi mwenyewe, na maneno mangapi kwa siku. Halafu mjue wengine wana iPhone, wengine simu zao za zamani, na bando si kila siku lipo.

kadi_na_chaki

Mwalimu pole na hongera, kumpeleka mtu sokoni wiki za mwanzo si walimu wengi wanathubutu. Nipo Morogoro, nafundisha wageni pia, wengi wanaokuja kufanya kazi vijijini.

Mimi nikwambie wazi apu si tatizo, tatizo ni kilichoandikwa kwenye kadi. Huyo binti alijifunza "punguza", sokoni akaletewa "nikupunguzie", na kwa sikio la mgeni hayo ni maneno mawili yasiyojuana kabisa. Sisi tunasikia ni, ku, punguz, ie, yeye anasikia treni inapita. Hizi apu nyingi zilijengwa kwa lugha ambazo neno linakaa peke yake kama kokoto, umelitoa mfukoni umeliweka mezani basi, na Kiswahili hakiko hivyo, neno letu mbele linavaa kofia na nyuma linaburuta mkia.

Kwa hiyo mimi kwangu ni marufuku kadi yenye neno moja. Kitenzi kinaingia ndani ya sentensi waliyoisikia kwa mtu. Upande wa kwanza unaandika "Bei kali mama, naomba u_____ kidogo", upande wa pili "unipunguzie". Kadi ya pili inakuwa na sauti tu, "nikupunguzie?", na yeye inabidi ajibu kwa mdomo, "ndiyo, nipunguzie". Kwa nomino naweka upatanisho umoja na wingi palepale, "ufunguo wangu umepotea, funguo zangu zimepotea", hapo ameshapata ngeli bila kumwambia habari za ngeli. Kiboko naye ana kadi zake mbili, "kiboko mkubwa anakuja" ni yule wa mtoni na "kiboko kikubwa" ni cha kuchapia, wanafunzi wangu wanaipenda hiyo mpaka wanawafundisha majirani. Na piga ndiyo kabisa usiiweke peke yake, piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga deki, piga kura, ukimpa piga tupu siku akiambiwa kapige pasi shati ataenda kulichapa.

Apu natumia Anki. Kwenye kompyuta ni bure, kwenye Android ipo AnkiDroid nayo bure na inafanya kazi bila intaneti, bando unalihitaji ukitaka kupeleka kadi kwenye akaunti tu. iPhone ndiyo ya kulipia, mara moja tu lakini si hela ndogo, asiyetaka afungue AnkiWeb kwenye brauza atasoma kadi zake bila kulipa. Uzuri wake ni kwamba kadi uliyoipata inasogezwa mbele, kesho, siku nne, wiki mbili, mwezi, na uliyoikosa inarudi sasa hivi. Ebbinghaus yule mtafiti wa kumbukumbu, Mjerumani, aliandika toka 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni halafu kasi inapungua, kwa hiyo ukimrudishia mtu neno pale anapokaribia kulisahau unaokoa muda wake mwingi. Quizlet nilianza nayo, ni nyepesi kutengeneza kadi, ila vitu vyake vizuri vingi sasa hivi vinataka ulipie.

Namba ya siku angalia sana. Anki ukiiacha ilivyo inakupa kadi mpya 20 kila siku. Zinaonekana chache. Baada ya wiki tatu kadi za kurudia zinazidi mia kwa siku na mtu anakata tamaa, ingia kwenye setingi weka 7 au 8. Nilikuwa na mwanafunzi hodari, kaenda Serengeti siku nane, karudi kakuta kadi mia nne zinamsubiri, kaifunga ile apu na hakuifungua tena mpaka anaondoka nchini. Hilo kosa nalihesabu kuwa langu, nilitakiwa kumwambia simamisha kadi mpya kwanza, za zamani zimalize kidogokidogo hamsini hamsini, hakuna anayekufukuza.

Nesi_wa_Thika_Road

Niaje walimu, mimi si mwalimu, mimi ni mwanafunzi, lakini acha niseme upande wa yule msichana wa ndizi kwa sababu nimekuwa pale.

Mimi ni nesi Nairobi, nasoma Kijerumani, maana ukitaka kufanya kazi ya unesi Ujerumani wanataka lugha kiwango cha B2 ndio karatasi zako zikubaliwe. Mwaka wa kwanza nilidaunlodi kadi elfu tano zenye mtu mwingine ametengeneza, kila siku kwa matatu asubuhi na jioni nakanyaga hizo kadi, jam ya Thika Road mnaijua, hiyo ni masaa mawili za kusoma kila siku. Nilijua neno la kinu cha upepo. Nilijua neno la uchaguzi. Halafu mwalimu siku moja ananiambia elezea kidonda cha mgonjwa, na mimi nimefunga vidonda miaka sita, nikakosa hata sentensi moja. Nililia kwa choo, sitadanganya.

Kile ilinisaidia ni kufuta zote. Nikaanza zangu moja moja, na sheria yangu ilikuwa kadi haiingii kama hilo neno sijalihitaji mwenyewe wiki hiyo. Nikitoka wodi naandika kwa kijitabu vitu nilifanya leo, nikifika nyumbani natafuta venye Mjerumani anasema, naiweka sentensi nzima. Na kwa sababu wao pia wako na ngeli zao tatu, nilipaka rangi, der bluu, die nyekundu, das kijani, kwa hivyo die Wunde, kidonda, mimi naiona nyekundu kabla sijaisoma, das Fieber, homa, kijani, der Verband, bandeji, bluu. Najiuliza kama nyinyi hamwezi fanya hivyo na ngeli za Kiswahili, KI-VI rangi moja, M-MI ingine.

So kwa swali la nani atengeneze kadi, mimi nasema mwanafunzi. Ile dakika tatu ya kuitengeneza ndio mara ya kwanza ya kujifunza. Za mtu mwingine ni kama kuvaa viatu za mtu.

MamaDaftari

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nawasoma na nawaheshimu ila mimi nina neno tofauti kidogo.

Nafundisha wageni Iringa tangu 1998, kabla ya simu hizi, na walikuwa wanaondoka wanaongea, wengine wakihubiri kanisani bila karatasi. Tulikuwa na boksi la viatu lenye vyumba vitano na kadi za karatasi, kadi ukiipata inahamia chumba cha mbele, ukiikosa inarudi chumba cha kwanza hata kama ilishafika cha tano, na chumba cha kwanza unakipitia kila siku, cha pili kwa kuruka siku, cha mwisho mara moja kwa mwezi. Hii aliiandika Leitner, Mjerumani, 1972, na hizo programu zenu zinafuata wazo lilelile la boksi. Sisemi simu mbaya. Nasema mwanafunzi akishika simu kutafuta kadi anakutana na ujumbe wa mama yake, picha za rafiki yake, habari za kwao, na dakika kumi na tano zimeisha hajagusa kadi tatu. Boksi halina ujumbe wa mtu.

Na kuna jambo la mkono. Mtu akiandika "nyuso" kwa mkono wake, akaandika na "uso" pembeni, kuna kitu kinabaki kichwani, mimi nimeona kwa macho yangu miaka yote hii.

kadi_na_chaki

Mama shikamoo. Sikupingi hata kidogo kwenye boksi, na kwenye karatasi upo sahihi, nina wanafunzi wawili wakubwa kwa umri wanatumia boksi na wanaenda vizuri kuliko wa simu. Ninachokikataa ni lile daftari la orodha, Kiswahili kushoto, lugha yao kulia, mtu anasoma kuanzia juu mpaka chini kila usiku na anajisikia anajua kwa sababu jibu liko pembeni linamtazama. Roediger na Karpicke kule Marekani waliwapima wanafunzi, wakachapisha 2006, kundi moja lilirudia kusoma maandishi na kundi jingine lilisoma halafu likajijaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojijaribu wakawaacha mbali. Yaani kitu kinachokufanya ujisikie umeelewa usiku huu si lazima ndicho kitakachokuwepo Jumanne ijayo sokoni. Boksi lako mama linamjaribu mtu, kwa hiyo mimi na wewe tupo timu moja.

MamaDaftari

Hapo tumekubaliana mwanangu. Orodha hata mimi nilikuwa nawafunikisha kwa kiganja.

kibokoni_msa

Salaam kutoka Mombasa. Mimi natia lile la sauti kwa sababu naona wote mnaligusa mkipita tu, na swali la yule binti lilikuwa "kwa nini sikuisikia", si kwa nini sikuielewa.

Kadi ya maandishi haifundishi sikio. Mwekee mtu "barabara" kwa maandishi, atajuaje kama ni ile ya kupitia magari au ni ile ya mambo kuwa sawasawa, tofauti ipo kwenye mkazo tu, njia unakaza silabi ya tatu, ile nyengine unakaza ya pili. Na huku kwetu mambo ni zaidi, "paa" la nyumba na "paa" mnyama hatuyatamki sawa, huyu mnyama twamsukumia pumzi, na "kaa" la moto na "kaa" wa pwani vivyo hivyo, na maandishi yamefungia yote ndani ya herufi hizo hizo. Ng'ombe na ngoma mgeni asipozisikia mapema atazichanganya mpaka mwisho.

Sauti ya mashine msiitumie kama mwaweza kuepuka. Inatamka, lakini haiulizi, "nikupunguzie?" ya mashine haina lile swali mwishoni. Mimi nafanya hivi, nakwenda kwa watu ninaojuana nao, muuza mbaazi, fundi cherehani, mama wa mahamri, nawaomba ruhusa, wanarikodi sentensi tatu tatu kwenye simu yangu, vile wanavyosema siku zote na kasi yao ileile. AnkiDroid inakubali kuweka sauti kwenye kadi. Mwanafunzi anasikia mama wa mahamri usiku kwenye kadi, asubuhi anakwenda kununua kwake, anamsikia tena yule yule. Wallahi nimeona mtu amekuja mbio kuniambia "amesema ile ya kadi!"

Jambo la mwisho, kadi za kudaunlodi angalieni maneno yao. Nilipata mwanafunzi aliyekuja na "ngamizi" na "tarakilishi" akaenda nazo duka la simu kuuliza chaja, kijana wa duka akamtazama akadhani anazungumza lugha ya kwao. Kompyuta watu wanaita kompyuta.

mwl_vikokotoni

Jamani ahsanteni sana, nimeyasoma mara mbili na nimenakili. Kwa kibokoni, hilo la mama wa mahamri nalibeba lote kama lilivyo, kuna mzee wa urojo Forodhani atakubali bila shaka.

Maswali mawili. Moja, kama kila mtu anatengeneza kadi zake, makosa nani anasahihisha? Wangu mmoja kaandika "rafiki changu". Mbili, Ijumaa mimi huwa nawachezesha Kahoot, ule mchezo wa maswali kwenye simu, kwa maneno ya wiki, wanafurahi sana, niendelee au napoteza muda?

kadi_na_chaki

Makosa ni kweli, na kadi yenye kosa ni mbaya kuliko kutokuwa na kadi maana itamrudia mpaka kosa limgande. Sisi tuna jedwali moja la Google Sheets, kila mwanafunzi anaingiza sentensi zake kwenye ukurasa wake, safu ya kwanza sentensi yenye pengo, ya pili jibu, ya tatu alisikia wapi. Mimi jioni napita nasahihisha, dakika kumi na tano haizidi kama ni watu tisa kila mmoja na sentensi saba, nyingi zinakuwa sawa. Jumamosi kwenye wifi ya chuo kila mtu anahifadhi ukurasa wake kama faili la CSV, anaiingiza Anki, wiki nzima anasoma bila bando. Hiyo safu ya tatu usiidharau, "alisikia kwa konda", "alisikia msibani", neno linakuja na mtu wake.

Kahoot endelea nayo kwa furaha yao, watu wakicheka pamoja wanaongea zaidi. Ila ujue inapima kutambua, majibu manne yako mbele yake anachagua moja, na inampa pointi mwenye kidole chepesi. Wangu mmoja wa mwisho kila Ijumaa ndiye aliyekuwa anaongea vizuri kuliko wote. Nikaongeza kitu, anayepata swali lazima aseme sentensi yenye hilo neno kabla hatujaenda mbele.

Nesi_wa_Thika_Road

"Alisikia wapi" naiba hiyo, kesho naanza kuandika kwa kadi zangu ilitoka kwa mgonjwa gani, bila jina bila shaka.

mwl_vikokotoni

Narudi baada ya wiki tatu na siku kadhaa maana mliniuliza inbox.

Tulifuta kadi za zamani wote, ilikuwa ngumu, yule binti wa siku mia mbili alikaa na simu mkononi kama dakika tano nzima kabla hajabonyeza, na Duolingo nikamwambia aiache iendelee kama inampa raha, sikumnyang'anya. Sasa kadi mpya 7 kwa siku, jedwali moja, sauti tumeshapata watu kumi na mmoja, mzee wa urojo, kondakta wa daladala ya Bububu, bibi wa yule dada wa Oman kwa simu kutoka Maskati, huyo bibi anaongea Kiunguja cha zamani mpaka na mimi nimejifunza. Wawili wamechagua boksi la viatu, mama ahsante, mmoja wao ndiye Mjerumani na anadai ni haki yake kwa sababu Leitner ni wa kwao.

Rangi za ngeli tulijaribu, kwa KI-VI na M-MI zimesaidia, kwa N-N zimewachanganya kwa sababu umoja na wingi havibadiliki wakawa wanatafuta tofauti ambayo haipo. Tumeziacha kwa ngeli mbili tu.

Lisilotaka kuingia ni saa. Anki kadi ukiikosea mara 8 inaiwekea alama, jina lake kwa Kiswahili tungesema ruba, na ruba wetu wote kasoro mmoja ni saa. Saa mbili asubuhi wao kichwani ni usiku wa manane. Nimeacha kuwaandikia, nimewapa picha ya mlango wa chumba cha darasa umefunguliwa, jua linaingia, na sauti yangu nasema "saa mbili, njooni ndani", tunaona.

Jana Darajani tena. Nilikaa mbali kidogo nyuma ya wauza viungo. Muuzaji mwingine, si yule wa mwanzo, alimwambia binti "hii nikufungie?" Nikufungie hatukuwa nayo kwenye kadi yoyote, nimeangalia jedwali zima usiku hakuna. Binti akanyamaza kama pumzi mbili, nikaona midomo inacheza, kisha akasema "ndiyo, nifungie, na naomba unipunguzie." Akapunguziwa mia tano.

kibokoni_msa

Allah! Mrikodi huyo muuzaji kabla hajahama kibanda.

MamaDaftari

Na sentensi hiyo aiandike kwa mkono wake mwenyewe.